Injini ya baba ilikufa na nini

Mwezi wa nne baba alikuwa anarudi toka Morogoro na Corolla yake, ile 110, ndani watu watano na kwenye buti gunia la mchele, wakafika Kitonga gari ikachemsha. Kwa wasiopajua, Kitonga ni ule mlima wa barabara ya kuja Iringa, ukishaiacha Ruaha Mbuyuni unakuja kuupanda kona kwa kona, malori yanatambaa mbele yako na huwezi kuovateki, upande huu mwamba upande ule bonde, kwaiyo unajikuta uko gia ya kwanza na ya pili muda mrefu, injini inalia na upepo wa kupuliza rediata hakuna. Baba anasema mshale wa temperecha aliuona unapanda. Akasema moyoni nikifika juu nitaipumzisha. Haikufika juu.

Tuliivuta mpaka mjini, nikamwita fundi aje nyumbani Kihesa. Akapiga stata mara mbili, akafungua kifuniko cha oili, akaona ule ute mweupe unaofanana na mtindi, akafunika. "Mwalimu, hii imekufa. Tafuta injini ya mtumba, tunashusha hii tunapandisha hiyo, siku mbili umemaliza." Dakika kumi hazikufika na hakufungua hata nati moja. Sisemi kwamba hajui kazi, huyo mtu anaona injini za namna hiyo kila mwezi. Ila nilimuuliza imekufa na nini akasema imechemsha, nikamuuliza sasa imechemsha kwa nini, akasema "si Kitonga hiyo."

Hilo jibu lilinikaa kooni. Kitonga inapandwa na magari usiku na mchana, mengine mabovu kuliko hili, na mengi yanafika juu. Alafu kulikuwa na baba. Baba yangu ni mtu wa kukaa barazani asubuhi na redio yake, tangu siku ile akahamia uani, kwa sababu barazani gari iko mbele yake. Akija mgeni akaulizia gari anajibu "niliiua Kitonga" na hapo mazungumzo yanaishia. Hilo neno niliiua ndo lilinifanya niseme hii injini haitoki hapa kwenda kwa wauza skrepa mpaka nimeifungua nikajua.

Mimi nafundisha Historia na Kiswahili, kwenye gari nilikuwa najua kubadilisha tairi na kuchomoa plagi basi. Lakini likizo ya mwezi wa sita ilikuwa inakuja, na jirani yetu ni mzee aliyeendesha malori miaka mingi, ana vaisi, ana geji ya kompresheni, ana cheni bloki, na ana muda. Nikaenda kumpigia hodi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Mwalimu. Umekuja kwa ajili ya ile gari."

Akakubali kwa sharti moja, kwamba yeye atakaa kwenye kiti, mikono itakuwa yangu.

Kitabu nilikipata kwenye simu, PDF ya ufundi ya injini za Toyota za familia ya A, nikakaa nacho usiku tatu kabla sijashika spana. Nilitaka kwanza nijue ninachokifungua ni kitu gani. Ya baba ni 5A-FE, silinda 4, valvu 16, kipenyo cha silinda milimita 78.7 na pistoni inasafiri milimita 77 kwenda juu na kushuka. Ukipiga hesabu ya mduara ukazidisha kwa urefu wa safari alafu mara nne unapata cc 1498, ndo ile "1500" ambayo watu wanaitamka kila siku. Sijui kama naweza kueleza furaha niliyoipata pale mezani na kalamu, yaani namba iliyo kwenye kadi ya gari imetoka kwenye umbo la matundu manne ambayo baada ya siku chache nitayagusa kwa kidole.

Mzee alisema kabla ya kufungua tupime kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kugandamiza hewa, ukishafungua huwezi tena kuuliza hilo swali. Tukachomoa plagi zote nne. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilitoka na masizi, ya tatu ikatoka imelowa na ina kutu pembeni. Tukakata umeme wa plagi na mafuta, nikamwambia mdogo wangu akanyage mafuta mpaka chini alafu apige stata, na kwenye tundu la namba 3 yakaruka maji mpaka kwenye shati langu. Geji ikasoma hivi: silinda ya kwanza kilo 11 kwa sentimita ya mraba, ya pili 4, ya tatu 3 na nusu, ya nne 11.

Kitabu kinasema injini yenye afya isome kama 13.5 na isishuke chini ya 10. Nikaona hizo 11 nikavunjika moyo, nikasema basi hata hizo nzima zimechoka. Kumbe nilikuwa nimesahau ninapoishi. Iringa tuko juu ya mita 1500 na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar karibu kwa asilimia 15 au zaidi, sasa silinda ikivuta hewa nyepesi itagandamiza hewa nyepesi, kwaiyo 11 ya Kihesa ni sawa na 13 ya Kigamboni. Silinda ya kwanza na ya nne zilikuwa na afya. Na mbili mbovu zilizokaa jirani, namba 2 na namba 3, zimeshuka pamoja kwa kiwango kinachokaribiana, mzee akanyoosha kidole pale katikati yake akasema hapa ukuta umetoboka, utaona.

Kwaiyo kabla sijalegeza bolti nilikuwa tayari na swali la kwenda nalo ndani, na hilo lilinisaidia kuliko spana yoyote.

Kufungua vitu vya juu sitakaa sana, ni kazi ya subira tu. Unamwaga maji, unamwaga oili, unatoa betri, hozi, waya, kava ya hewa, manifoldi. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, hayana hata dalili ya kulanti, ile dawa ya maji ya rediata inayozuia kutu, kutu tupu, nikaandika kwenye daftari. Kila plagi ya waya niliifunga karatasi yenye namba na nikapiga picha kabla na baada. Nati na bolti nilizipanga kwenye trei za mayai, na vitu vikubwa kwenye matenga ya nyanya ambayo mama aliyaomba kwa dada mmoja anayeleta nyanya toka Ilula, kila tenga sehemu yake. Bolti kumi za hedi, ile sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda, nilizichomeka kwenye boksi la viatu nililolitoboa matundu kumi kwa mpangilio uleule zilivyokaa kwenye injini, maana ziko za aina mbili, za upande mmoja fupi na za upande wa pili ndefu kwa kama sentimita mbili, ukizichanganya wakati wa kurudisha unaweza kuharibu kabisa.

Hapa kwenye kemshafti, ile shafti inayosukuma valvu zifunguke, ndo nataka tukae kidogo.

Injini hii ina kemshafti mbili lakini mkanda wa taimingi unazungusha moja tu, ile ya pili inazungushwa na mwenzake kwa gia zilizokutana kichwani. Sasa gia mbili zikikutana lazima kuna uwazi kidogo kati ya meno na uwazi ule unagonga, kwaiyo Toyota wakaifanya gia moja iwe mbili zilizobebana, kubwa na nyembamba, katikati yake wameweka springi, ile nyembamba inasukuma meno upande mmoja muda wote ili pasiwe na mlio. Ni akili nzuri sana. Lakini maana yake ni kwamba ukiichomoa kemshafti bila kuzifunga hizo gia mbili pamoja, springi inajiachia na ile nyembamba inazunguka inakaa pembeni, meno hayalingani tena. Kitabu kinasema chukua bolti ndogo ya milimita 6, ichomeke kwenye tundu lililopo kwenye gia, ndipo ufungue. Mimi ile kurasa niliiruka. Nilikuwa nimeshafungua vile vibanio vya kemshafti, kila kimoja kina mshale na namba yake, E2, I3, hivo, nikaona nimeshaelewa mchezo, nikanyanyua kemshafti na mkononi nikasikia "tak."

Nilikaa chini. Nilidhani nimevunja. Mzee akaiangalia akaniambia haijavunjika ila imechukia. Tukaipeleka kwenye vaisi yake, kwenye shafti kuna sehemu imechongwa pembe sita ya kushikia, tukaweka vipande vya mbao ili vaisi isiumize chuma, alafu nikazungusha ile gia nyembamba kwa kubania bisibisi kati ya bolti mbili nilizochomeka kwenye matundu yake, springi inarudisha, nasukuma tena, inarudisha, mpaka matundu yakalingana nikapenyeza ile bolti ya 6. Ilinichukua mchana mzima na viganja vikavimba. Ukweli ni kwamba baada ya pale naijua ile gia kwa namna ambayo nisingeijua kama ningefuata kitabu, lakini simshauri mtu, kwa sababu kemshafti isipotoka ikiwa imelala sawa inaweza kupasua kingo za hedi inapoegemea, na hapo tena hakuna vaisi ya kukuokoa.

Chini ya kemshafti kuna vikombe 16, kimoja kila valvu, na juu ya kila kikombe kuna kidude cha duara kama sarafu, ndicho kinachopanga uwazi wa valvu. Uwazi wenyewe ni mdogo ajabu, valvu za kuvuta ni milimita 0.15 mpaka 0.25 na za kutolea moshi zinazidi hapo kidogo, injini ikiwa imepoa. Zile sarafu hazilingani unene, kila moja ilichaguliwa kwa ajili ya valvu yake, kwaiyo ukizichanganya umepoteza. Trei la mayai lina mashimo 30. Nikatumia 16, nikaandika kwa maka peni kila shimo, na nikawaambia watoto wa dada yangu wote watatu kwamba anayegusa trei lile hatakula ubwabwa Jumapili. Halikuguswa.

Bolti za hedi zinalegezwa toka pembeni kuja katikati, kidogokidogo kwa mizunguko, sio unaimaliza moja unaenda nyingine, maana hedi ni aluminiamu na ukiiachia upande mmoja wakati mwingine bado umebanwa unaipinda. Hedi yenyewe ilikuwa imeshikilia, nikaigonga kwa kipande cha mbao pembeni mpaka ikaachia kwa mlio kama wa kubandua kitu kilicholowa. Tukaishika wawili na mdogo wangu tukainyanyua.

Nilichokiona pale chini bado kiko kichwani. Vichwa vya pistoni vinne viko wazi. Ya kwanza nyeusi, masizi makavu. Ya nne vilevile. Ya pili nyeusi lakini imechafuka upande mmoja, ule unaotazama ya tatu. Na ya tatu nyeupe. Yaani safi, chuma kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, unasoma mpaka alama zilizopigwa kiwandani. Nikafikiri labda iliwahi kubadilishwa. Mzee akacheka, sio kunicheka, ni kicheko cha mtu aliyekutana na anachokijua, akasema "Mvuke huo. Maji yakiingia kwenye silinda yanapigwa na moto yanakuwa mvuke, mvuke unaisugua pistoni. Hakuna sabuni inayosafisha vile."

Gasketi, lile bamba jembamba linaloziba kati ya hedi na bloki ya silinda chini yake, ikathibitisha. Kati ya namba 2 na namba 3, pale ukuta ni mwembamba, chuma cha gasketi kimeungua kimekatika kabisa, umebaki mstari mweusi umepita toka silinda hii kwenda hii. Na pembeni mwa namba 3 kuna tundu la maji ambalo kingo yake imeliwa mpaka imefungukia ndani ya silinda. Kumbe kompresheni ilikuwa inavuja kwenda kwa jirani, maji yanaingia namba 3, mengine yanashuka kwenye oili ndo ule mtindi. Mambo yote niliyoyaona nje kwa siku tatu yalitoka kwenye sehemu isiyozidi upana wa kucha.

Hedi niliigeuza nikaisafisha kwa mafuta ya taa na kipande cha mti laini, sio bisibisi, nikaweka rula ya chuma iliyonyooka juu yake na kupitisha fila geji chini, vile vibamba vyembamba vya kupimia uwazi. Kitabu kinaruhusu kupinda milimita 0.05. Pembeni ile ya 0.05 ilikataa kupita. Katikati ikapita, ikapita ya 0.10, ikapita na ya 0.20. Hedi ya baba ilikuwa imepinda katikati mara nne ya kinachoruhusiwa. Uso wa bloki nao niliupima mara tatu kwa kila mshazari kwa sababu nilikuwa naogopa, wenyewe umenyooka.

Sawa. Imeungua gasketi kwa sababu hedi imepinda, hedi imepinda kwa sababu imechemsha. Nimefika palepale fundi alipofika akiwa amesimama, sema mimi nimefika nikiwa na mafuta mpaka kwenye viwiko. Imechemsha kwa nini? Wota pampu nilizungusha kwa mkono, haina mchezo, haivuji, mapanga yake mazima. Feni ya rediata tuliiunga kwenye betri ikazunguka. Rediata ilikuwa na kutu lakini maji yalipita. Nilikaa siku mbili sina jibu.

Jibu lilikuwa ni kitu ambacho hakipo, na kitu kisichokuwepo hakikupigii kelele. Usiku nilikuwa napitia kitabu upya sehemu ya maji, nikaona picha ya ule mdomo inakoingilia hozi ya chini ya rediata, na ndani ya picha kuna kidude kina springi na mpira umekizunguka. Nilikuwa nimeufungua ule mdomo siku ya pili. Nikachukua tochi nikatoka uani na baridi ya Iringa ya mwezi wa sita, nikaenda kwenye tenga namba 4, nikauangalia. Mtupu. Nikaangalia trei zote. Nikaangalia picha zangu za simu za siku ile, mdomo umefunguliwa, ndani tundu tupu. Themostati haikuwepo tangu kabla sijaanza.

Asubuhi nikamwambia mzee, akaniambia kwa utulivu kabisa, "Ah hiyo wanaitoa Mwalimu, hiyo ni ya nchi za baridi."

Hii kauli nimeisikia maisha yangu yote, na nyie mmeisikia. Nimeikuta kwa madereva, kwa mafundi, kwa wajomba. Na naelewa inakotoka, themostati ikikwama imefunga gari inachemsha, ukiitoa inaacha kuchemsha, kwaiyo mtu anaamini tatizo lilikuwa kuwepo kwake. Ila kwa injini hii si kweli, na naomba nieleze taratibu kwa sababu hapa ndo roho ya habari nzima.

Kwenye 5A themostati imekaa upande wa maji yanayoingia kwenye injini, na ina milango miwili. Injini ikiwa ya baridi, mlango mkubwa wa kwenda rediata umefungwa, na mlango mdogo wa chini uko wazi, maji yanazunguka ndani kwa ndani kwa njia ya mkato ili injini ipate joto haraka. Ikifika kama nyuzi 82 nta iliyo ndani yake inayeyuka na kutanuka, inasukuma, mlango mkubwa unafunguka na wakati huohuo ule mdogo unaziba njia ya mkato. Hapo maji yote yanalazimika kupita kwenye rediata yapoe ndo yarudi. Sasa ukiing'oa, mlango mkubwa uko wazi ndiyo, lakini na njia ya mkato iko wazi milele. Sehemu ya maji ya moto inazunguka inarudi kwenye injini bila kupita rediata hata mara moja. Barabara ya tambarare huoni kitu, tena mshale unakaa chini unafurahi. Ukiibana injini kwa mlima mrefu, gia ndogo, mzigo, ndo unalipa. Kitabu chenyewe kinaonya kwamba hata gari ikiwa inachemsha usiitoe.

Alafu kifuniko cha rediata. Mpira wake wa chini ulikuwa umekauka na kupasuka, ukiubonyeza kwa kucha unamegeka. Kile kifuniko sio kizibo tu, kinabana presha, na maji yaliyobanwa yanachelewa kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Bila presha, kwa mwinuko wa Iringa mjini maji yanachemka kwenye nyuzi 95, hata 100 hayafiki, na kule kichwani mwa Kitonga hali haitofautiani sana. Injini ya kawaida inatembea kwenye 80 na kitu mpaka 90 na kitu. Kwaiyo baba alikuwa anapanda mlima akiwa amebakiwa na nyuzi chache mkononi, bila kujua.

Mwaka juzi gari iliwahi kuvuja rediata ikaenda gereji moja, sitaitaja na hata sina ushahidi kwamba ni wao, ila kuanzia pale baba alianza kusema gari siku hizi haipati joto asubuhi, na sisi tukachukulia ni sifa.

Sehemu ya chini tuliifungua kwa sababu nilitaka nimalize. Tuliivuta bloki kwa cheni bloki kwenye mparachichi, watu wanne, mzee alikataa mtu yeyote kupitisha mkono chini yake hata kwa sekunde, tukailaza kwenye mbao. Sampu, ile bakuli ya oili ya chini, imeshikwa kwa silikoni, unaizungukia na kisu chembamba. Vifuniko vya konrodi, vile vyuma vinavyounga pistoni na krenki, shafti kuu ya injini, niliviwekea alama, cha kwanza kirudi cha kwanza, na bolti zake nikazivisha vipande vya mpira wa mafuta ili zisiikwaruze krenki wakati pistoni inatoka. Bering zilitoka za kijivu, laini, hakuna mahali shaba imeanza kuchungulia. Kwenye kuta za silinda ile mistari ya kiwandani inayokatana bado inaonekana, namba 3 ina alama moja ambayo ukucha haukwami. Krenki nikaizungusha kwa vidole viwili ikiwa imebaki na bering zake tano tu, ikazunguka kimyakimya, nzito, bila kukwama popote. Na hii ndo injini niliyoambiwa imekufa.

Baba nilimwita Jumamosi jioni. Nilipanga vitu kwenye meza kwa mfuatano, gasketi, hedi na rula, pistoni ya tatu, kifuniko, ule mdomo mtupu, na picha ya kitabu. Alivaa miwani. Nilimweleza kama nilivyowaeleza nyie, na nilipofika kwenye themostati nikasema baba kwaiyo sio wewe. Hakujibu. Alichukua kile kifuniko akaubonyeza mpira kwa kidole gumba, ukamegeka, akakipangusa kidole kwenye suruali.

Alafu akasema, "Lakini mshale niliuona. Nikaendelea."

Nilitaka kumwambia hapana. Nikashindwa, kwa sababu ni kweli. Angesimama pale mshale ulipovuka katikati pengine gasketi ingepona. Themostati ilimnyima nafasi, kifuniko kikampunguzia iliyobaki, na kile kipande cha mwisho cha mlima alikiendesha yeye, nyuma kuna watu wamechoka wanataka kufika, na pembeni hakuna pa kuegesha. Nikamwambia hivyohivyo. Akatikisa kichwa taratibu, akauliza hedi inarekebishika? Nikasema inachongwa. Akauliza inachongwa wapi, na bei gani, na gasketi inatoka wapi, na maswali hayakuisha mpaka saa tatu usiku.

Hedi imeenda kuchongwa. Gasketi, sili za valvu, kifuniko kipya na themostati vilitoka Kariakoo vikaja na basi, nikavipokea stendi Jumatano. Bloki imefunikwa turubai uani, kuirudisha ni habari nyingine na nitaiandika ikifika.

Ila jana baba amerudi barazani. Alikuwa na jiko la mkaa, sufuria ndogo ya mama, na kipimajoto nilichokiazima kwa mwalimu mwenzangu wa maabara. Alikuwa ameifunga themostati mpya kwa uzi na kuitumbukiza kwenye maji, uzi ameufunga kwenye mwiko uliolazwa juu ya sufuria, kipimajoto amekishika mwenyewe kisiguse chini. Mzee wa jirani alikuwa amekuja na kiti chake, kimya. Nyuzi 60, hakuna kitu. 70, hakuna kitu. 78, mzee akasogeza kiti. Ilipofika 82 ule mlango ukaachana na ukingo wake, upana wa uzi tu, ukaendelea kufunguka tukiuangalia, na baba akainua mkono bila kuyaondoa macho kwenye sufuria.

"Umeiona?"